Barua kwa mwanangu kuhusu mguu wa Bosi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa nyumbani hatujambo, baba yako anakusalimia, na mdogo wako amerudi shule leo baada ya mafua. Jana ulikata simu ukimlilia mbwa wetu Bosi, ukisema, "Mama, mfanyieni operesheni, kwa gharama yoyote ile." Sikutaka tubishane kwenye simu mtandao ukikatikakatika, na wewe uko bwenini na wenzako wanasikiliza. Ndiyo maana nakuandikia. Soma taratibu, na pale utakapoona nimekosea, paweke alama uje unijibu.

Nianze na alichosema daktari, maana habari ulizopata kwa mdogo wako ni nusunusu.

Uvimbe uko mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Ni mgumu, una joto, na Bosi hataki uguswe hata na mimi. Alianza kuchechemea wakati wa masika, akapewa dawa akapata nafuu, kisha kuchechemea kukarudi kwa nguvu zaidi. Tukampeleka hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akapigwa eksirei. Daktari aliipandisha picha akaniita niangalie mwenyewe. Nimetazama picha za mifupa karibu maisha yangu yote ya kazi, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaelewa. Mfupa umelika kwa ndani, ganda lake la nje limetoboka, na pembeni umeota mfupa mpya uliotawanyika kama miale ya jua. Wakachukua kipande kidogo kwa sindano wakapeleka maabara. Ni saratani ya mfupa, ile iitwayo osteosakoma.

Hiyo ndiyo saratani ya mifupa inayowapata mbwa kuliko nyingine zote, hasa mbwa wakubwa wa umbo kama Bosi, na hapo juu ya kifundo cha mguu wa mbele ni moja ya mahali inapopapenda sana. Hakuna mtu aliyeisababisha. Haikutokana na chakula, wala na lile geti alilokuwa akiliruka.

Picha ya kifua ilitoka safi. Najua uliposikia hivyo ulishukuru Mungu, na mimi pia moyo uliruka. Lakini eksirei huona uvimbe uliokwisha kukua. Kwa ugonjwa huu, karibu mbwa 9 kati ya 10 huwa chembe za saratani zimeshafika mapafuni siku ugonjwa unapogunduliwa, ila bado ni ndogo mno kuonekana. Kwa hiyo kukata mguu kunaondoa maumivu ya mguu, na hilo si jambo dogo, lakini hakuwezi kufukuzia kilichokwisha kutangulia. Mbwa wengi wanaokatwa mguu bila tiba nyingine huishi kama miezi 4 au 5. Wakiongezewa dawa za saratani za kwenye mshipa, kama karboplatini, muda husogea kwenye miezi 10 hadi 12, na kama mmoja kati ya 5 hufikisha miaka 2. Hizo ni hesabu za mbwa wengi waliofuatiliwa. Bosi anaweza kupita hapo au asifike. Nimekuandikia jinsi zilivyo kwa sababu wewe ni mtu mzima, na uamuzi huu ni wako pia.

Ulinikumbusha habari ya mbwa wetu Malkia, kwamba yeye tulimpeleka operesheni siku ileile bila kuulizana. Ni kweli, na ningefanya hivyo tena leo. Malkia mfuko wa uzazi ulijaa usaha. Ukiutoa mfuko, ugonjwa umetoka nao, na aliishi miaka mingi akifanya fujo hapa uani. Operesheni ile ilikuwa inaponya. Hii ya Bosi inamnunulia muda, basi kinachobaki kuuliza ni muda wa namna gani, na ataulipia kwa nini.

Hapo ndipo mimi na daktari tulipokaa sana. Mbwa wengi huishi vizuri na miguu mitatu. Nimeonyeshwa video yao wakikimbia, wakirukia gari, na huwezi kuona huzuni yoyote. Mbwa hajionei aibu kwa kukosa mguu kama binadamu anavyojionea. Angekuwa Bosi wa miaka mitatu, mwembamba, mwenye nyonga nzima, ningesaini usiku huohuo. Lakini Bosi sasa anaingia miaka kumi na moja. Nyonga zake za nyuma unazijua. Wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unamsukuma makalio apande ngazi za veranda likizo iliyopita. Na mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Ukimwondolea mmoja wa mbele, mzigo unamwendea ule uliobaki, na akitaka kuinuka lazima nyonga zile mbovu zifanye kazi ambayo hata sasa zinaishindwa. Nilimuuliza daktari, "Huyu atasimama?" Akanyamaza kidogo, akasema anaweza kusimama kwa kusaidiwa, na huenda asirudi kutembea mbali. Nilimheshimu kwa kuniambia hivyo, maana operesheni ndiyo ingemlipa.

Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya upasuaji. Nimewashika mikono watu walioamka wakakuta mguu haupo, na nimewaona wengi wao wakijipa moyo kwa sababu walijua kwa nini: yupo aliyetaka kumwona mwanawe akioa, yupo aliyekuwa anamalizia nyumba. Walisaini fomu ya ridhaa kwa mkono wao. Maumivu ya wiki zile yalikuwa na maana kwao. Bosi siwezi kumweleza kwamba avumilie Agosti ili Novemba iwe nzuri. Yeye hana Novemba. Ana leo: ana uji wake asubuhi, jua la pale kwenye saruji, na sauti ya pikipiki ya baba yako jioni. Tukimchukulia siku hizo mkononi, lazima tuwe na hakika tunamrudishia nzuri zaidi, na mimi hakika hiyo sina.

Unasema kwenye video ya simu alikutikisia mkia. Alikutikisia kweli, alisikia sauti yako. Lakini mbwa hutikisa mkia hata akiwa na maumivu makali, akimpenda mtu. Wewe hukuona usiku. Usiku anahema kwa kasi bila joto, anabadilisha upande kila mara, analamba pale pale juu ya kifundo mpaka manyoya yametoka na ngozi imekuwa nyekundu. Geti likifunguliwa anainua kichwa tu. Juzi nilimwekea ugali wa dona na supu ya dagaa, akanusa, akautazama mguu wake, akalaza kidevu chini. Nikaketi naye nikamlisha kwa vidole, akala kidogo, nadhani kwa kunisitiri.

Dawa za maumivu anazo, alizoandikiwa na daktari, meloksikamu na tramadoli, na mwanzoni zilimsaidia. Sasa zinafika nusu. Na nikuombe jambo moja: mdogo wako aliniambia ulimtumia ujumbe ampe ile diklofenaki ya bibi iliyo kabatini. Usirudie kumwelekeza hivyo. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinamchoma mbwa tumbo na kumuua figo, na kuzichanganya na anazomeza sasa ni hatari zaidi. Nakujua ulitaka kumwondolea maumivu. Hata mimi nataka.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisitake kungoja. Mfupa uliolika namna ile unaweza kuvunjika siku yoyote, kwa kukanyaga vibaya tu kwenye ngazi. Ukivunjika hauungi. Itakuwa ni usiku, hatuna daktari, naye analia hapa sakafuni. Nimeyaona hayo kwa binadamu, sitaki kuyaona kwake.

Daktari alinipa karatasi ya maswali saba aliyoyatunga daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004. Unampa mnyama alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila moja: maumivu, kula, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zimezidi mbaya. Jumla ikizidi 35 inaonekana bado kuna maisha ya kumtunza ndani yake. Nilijaza mimi, akajaza baba yako, akajaza mdogo wako, kila mtu peke yake bila kuchungulia mwenzake. Sote tulitoka chini ya 35. Baba yako ndiye aliyetoa alama ndogo kuliko wote, na unajua alivyo, hajawahi kusema neno kuhusu mbwa huyu zaidi ya "mpeni maji".

Kuhusu hela, nikuambie wazi. Baba yako alishasema yuko tayari kukopa Saccos, kwa hiyo hatukatai operesheni kwa sababu ya ubahili. Ila nisingependa ukue ukidhani anayekosa hela akachagua sindano ya kumpumzisha mbwa wake asiamke tena amemsaliti. Watu wengi hapa mjini wanachagua hivyo, wanalia, na wamefanya haki. Wapo na wengine wanaonishangaa hata kumpeleka eksirei: "Mbwa tu huyo!" Jirani mmoja alitushauri tumwekee sumu kwenye nyama, akitoa ushauri kwa nia njema kabisa. Nilimjibu kwamba mbwa huyu amelala mlangoni kwangu akilinda wanangu, hatakufa akijinyonganyonga. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 inayokataza kumtesa mnyama, lakini hata isingekuwepo, jibu langu lingekuwa lilelile.

Shangazi yako naye ameuliza kama si dhambi. Nimesali juu ya hilo. Mgonjwa wa binadamu sijawahi wala nisingemfanyia hivyo, kazi yangu kwake ilikuwa kumtunza mpaka Mungu amchukue. Mnyama tumekabidhiwa sisi. Tunamchagulia atakachokula, atakapolala, tunamfunga na kumfungulia. Siamini kwamba tukiwa na mamlaka yote hayo juu yake, siku ya maumivu makubwa tunaruhusiwa kusema hayatuhusu.

Kwa hiyo mimi na baba yako tumekubaliana apumzishwe, hapahapa nyumbani, Jumamosi jioni. Nataka ujue itakavyokuwa, kwa sababu usipojua utaota mabaya zaidi.

Kwanza atachomwa sindano ya kumtuliza. Baada ya dakika chache atalegea na kusinzia, na maumivu ya mguu atakuwa hayasikii tena. Kisha daktari atanyoa kidogo mguu mwingine apate mshipa, amwingizie pentobabitali, ambayo ni dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa mno. Ubongo unalala kabisa kwanza, pumzi inafuata, halafu moyo. Ni dakika chache tu. Macho yake hayatafumba, mbwa hawafumbi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baadaye, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Ukiona hivyo usipige kelele ukadhani amerudi au anateseka, atakuwa ameshaondoka. Baba yako atachimba kule nyuma ya migomba, na atachimba kina kirefu, kwa sababu dawa ile inabaki mwilini na mbwa wengine wakifukua wakala itawaua nao.

Mdogo wako nimemwambia wazi kwamba Bosi atakufa Jumamosi. Alilia, akauliza kama anaweza kumpa chapati nzima siku hiyo. Nimemwambia anaweza kumpa na mayai.

Kama ukitaka kuwepo, uwepo. Bosi ni wako kuliko wetu sote. Ulikuwa darasa la tano ulipomleta ndani ya boksi la viatu ukasema umepewa na mwalimu, na kunyonyeshwa kwa chupa alinyonyeshwa na wewe. Kama utaona huwezi kutazama, hakuna atakayekulaumu, mimi nitamshika kichwa na nitamtajia jina lako.

Na kama una hoja ya kunipinga, nitaisikiliza, sijafunga mlango. Umesema unamfahamu daktari mwingine huko Dodoma. Mtumie picha za eksirei nilizokutumia leo asubuhi, mweleze umri, uzito na hali ya nyonga, umuulize akiamka kutoka nusukaputi atasimama vipi. Jibu nilipate kabla ya Ijumaa mchana, maana ndipo ninapothibitisha na daktari. Ila hoja yako, mwanangu, ianze na Bosi. Kwamba utamkosa najua. Na mimi nitamkosa.

Hela ya tiketi ya treni nimekutumia kwenye simu. Chukua ya Jumamosi asubuhi, ufike upate mchana mzima naye. Daktari anakuja saa kumi. Baba yako atakungoja stesheni.

Mama yako
Morogoro