Jenerali Marshall nyumbani kwake

Ndugu Mhariri,

Wasifu wa maofisa wa jeshi kwa kawaida huhesabu vita na nishani, kisha mke hutupiwa sentensi moja mwishoni: ameacha mjane na watoto. Kwa George Marshall, jenerali aliyeongoza jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, sentensi hiyo si haba tu bali ina kosa, maana Marshall hakuzaa.

Mke wake wa kwanza, Lily Coles, aliugua moyo. Walioana Lexington, Virginia, Februari 1902, na muda si mrefu luteni huyo mpya akasafiri kikazi kwenda Ufilipino bila mkewe. Agosti 1927 Lily alipasuliwa rovu lililokuwa likiulemea moyo wake. Ikaonekana amepona, lakini Septemba 15, akingoja kurudi nyumbani, akafariki. Ndoa yao ilikuwa imedumu miaka 25.

Katherine Brown, mjane mwenye watoto watatu, aliolewa naye Baltimore mwaka 1930, Jenerali Pershing, aliyekuwa mkubwa wake jeshini, akiwa msimamizi wa bwana harusi. Marshall aliwalea watoto hao kama wake. Allen, kitindamimba, alikuwa luteni wa vifaru. Mei 29, 1944, mdunguzi wa Kijerumani alimuua nchini Italia. Ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya majeshi ya Marekani na washirika wake kutua Normandy, Ufaransa, na Marshall ndiye aliyekuwa Mnadhimu Mkuu wa jeshi. Aliacha kazi ofisini akaenda mwenyewe kumwarifu Katherine. Mwezi uliofuata alizuru kaburi Anzio, akazungumza na askari waliokuwa na kijana huyo siku ile.

Ndipo nasema sifa yake kuu ni kutojitafutia. Desemba 1943, mjini Cairo, Rais Roosevelt alimuuliza kama angependa kuongoza yeye uvamizi huo wa Ulaya ulioanzia Normandy. Alikataa kutaja alitakalo, akamwachia rais uamuzi, na nafasi ile ikaenda kwa Jenerali Eisenhower. Kwa ofisa aliyeishi akiingojea amri kama hiyo, sijui jaribu zito kuliko hilo.

Lakini utii huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mke. Novemba 1945 Marshall alistaafu. Walikuwa ndio kwanza wamefika nyumbani kwao Leesburg, Katherine amekwenda kupumzika, simu ya Rais Truman ikaita: aende China kama mjumbe wake. Akajibu ndiyo, akakata. Alinyamaza ili mkewe apumzike kwanza, na Katherine akaisikia habari hiyo redioni. Nia ilikuwa njema, ila hapo alikosea. Mke hapaswi kujua safari ya mumewe kwa mtangazaji.

Naomba waandishi wenu, wanapoandika wasifu wa ofisa, wamuulize mjane walihamishwa mara ngapi, nani alibaki na watoto, na habari za uhamisho zilimfikiaje.

Msomaji wa historia ya kijeshi,
Morogoro