Virusi vimefubaa, presha je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuhusu sisi tulioanza kumeza dawa za kufubaza VVU miaka ile ya mwanzo, baada ya Serikali kuanza kuzitoa bure mwaka 2004. Wakati ule hakuna aliyewaza uzee. Leo wengi wetu tumevuka miaka 50, kipimo cha damu hakioni virusi, na bado tunazikana kwa kiharusi.

Wataalamu wanaeleza kwamba virusi vikifubaa haviondoki mwilini, na kinga hubaki ikipambana navyo chinichini miaka nenda rudi, hali inayochakaza mishipa ya damu na kuleta maradhi ya moyo mapema kuliko kwa wasio na VVU. Kwetu wanawake, hatari ya saratani ya mlango wa kizazi ni mara sita, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri tuanze kuchunguzwa tukiwa na miaka 25, wakati wenzetu huanza wakiwa na 30.

Kliniki ninayohudhuria, ambayo sitaitaja kwa kuwa wahudumu wake wamenitunza vizuri, hunipa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Napanda mizani, naulizwa kuhusu kikohozi, homa na jasho la usiku, kisha nafunga makopo yangu kwa khanga yasisikike yakicheza ndani ya daladala. Mashine ya presha iko jengo la wagonjwa wa nje, kwenye foleni nyingine na faili jingine, tena kwa kulipia. Kwamba presha yangu ilikuwa 180 kwa 110 niliambiwa na muuza duka la dawa mtaani, nilipokwenda kununua vidonge vya kichwa.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliohusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku cha kupunguza lehemu, pitavastatini, kilipunguza matukio makubwa ya maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Kidonge hicho tutakisubiri. Kupimwa presha hakuhitaji kusubiri: mashine iwekwe kando ya mizani ile ile, na namba yake iandikwe kwenye kadi ile ile, kila tunapokuja kuchukua dawa.

Msomaji wako,
Morogoro
(Jina limehifadhiwa)