Msifute mikunjo ya furaha katika picha zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloniuma kila msimu wa mahafali na harusi unapofika hapa Kisumu, nalo ni mazoea ya wapiga picha wenzangu kulainisha nyuso za wateja kwa programu za kompyuta na za simu mpaka hisia zinaondoka pamoja na makunyanzi. Mteja hukabidhiwa picha ya mtu asiye na alama hata moja ya ngozi, meno meupe pepepe, na bado jamaa zake wakiitazama wanashindwa kusema kama siku ile alikuwa na furaha au alikuwa amechoka. Mimi ni mtu wa kazi hiyo hiyo, na ninachotaka kusema ni kwamba hisia za mtu katika picha hukaa zaidi machoni na katika ngozi inayoyazunguka macho, na hapo ndipo sisi tunapoanza kufuta.

Hayo si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za watu ambao misuli ya nyuso zao aliisisimua kwa umeme ili aone kila msuli unachora nini usoni. Alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli hutumia misuli ya sehemu mbili: ule unaovuta pembe za mdomo juu, na ule unaolizunguka jicho, ambao ukikaza huinua shavu, hupunguza uwazi wa jicho na kuacha mikunjo midogo kwenye pembe ya nje. Wa mdomo hutii amri ya mwenyewe, lakini wa jicho, kwa maoni yake, huamshwa na furaha yenyewe. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa wapo watu wanaoweza kuukaza msuli huo wa jicho kwa makusudi, lakini yeyote aliyefanya kazi ya studio ameshaona mdomo ukicheka huku macho hayana habari.

Sasa tazama kinachotokea mezani kwetu. Mpiga picha anafungua picha ya mama aliyekuja kumshangilia bintiye akivaa joho. Mama amecheka mpaka macho yamebaki mistari miwili, mashavu yamepanda, na kando ya kila jicho mikunjo mitatu minne imetawanyika kuelekea kwenye kitambaa cha kichwa. Mpiga picha anaongeza kiwango cha kulainisha ngozi, na mikunjo inatoweka. Kisha anayapanua macho kidogo kwa kuwa programu inampa uwezo huo, na shavu lililoinuka linabaki limeinuka bila sababu. Mwishowe tunaona mdomo wazi chini ya macho yaliyotulia, na mtazamaji, ambaye amekuwa akisoma nyuso za watu tangu akiwa mgongoni mwa mamake, anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Mama yule alilipia picha ya furaha yake akapewa picha ya ngozi.

Kosa jingine huanza kabla ya kompyuta, pale tunapomwamuru mtu acheke. Tabasamu la kuagizwa huanzia mdomoni na kuishia hapo hapo, na likishikiliwa kwa muda, midomo hukakamaa kama kamba iliyovutwa. Wapiga picha wazuri niliowaona wakifanya kazi huzungumza na mtu wao kwa lugha yake, iwe Dholuo, Kiluhya au Kiswahili, humwuliza habari za nyumbani, na hubonyeza baada ya jibu, wakati mtu ameshadhani picha imekwisha kupigwa. Katika picha za familia nzima, ile ya pili, inayopigwa kila mtu akianza kupumua na kugeukiana, mara nyingi huishinda ile ya kwanza ambayo wote wamejipanga wima.

Mahali petu pia pana taabu yake. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambao unapita pale Maseno, na saa sita mchana jua linakuwa karibu na utosi. Mwanga wa namna hiyo huyafanya macho kuwa mashimo meusi chini ya nyusi, na mtu anayejikinga na mng'ao hukunja ndita. Misuli inayokunja ndita kwa sababu ya jua ndiyo hiyo hiyo inayozikunja kwa hasira au kwa wasiwasi, kwa hiyo bwana harusi mwenye furaha tele anatoka kwenye picha kana kwamba amegombana na wakwe. Dawa yake haina gharama: msogeze chini ya mwembe au barazani, mgeuze uso uelekee kwenye anga iliyo wazi, au subiri saa kumi na moja jioni.

Liko pia suala la ngozi zetu nyeusi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kuwa vitu vyote vilivyo mbele yake, kwa wastani, vina rangi ya kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au ukampiga akiwa na bibi harusi aliyevaa gauni jeupe, kamera huipunguza nuru ili ule weupe usizidi, na uso wake huzama gizani pamoja na kila kilichokuwa kikisemwa na macho. Inatupasa kupima mwanga wa uso wenyewe. Wengi wetu badala yake huurudisha uso kwenye kompyuta na kuung'arisha wote sawasawa, hivyo kivuli kidogo kilichokuwa kikionyesha umbo la shavu na kope nacho kinaondoka.

Nisieleweke kwamba kila picha nzuri lazima iwe ya kicheko. Wazee wetu katika picha za zamani, wameketi mikono juu ya magoti na macho yamekazwa kwenye lenzi, hawakuwa na huzuni. Kwenda kupigwa picha lilikuwa jambo zito, na uso uliotulia ulikuwa uso wa heshima. Uso pekee haumalizi habari. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walichapisha tathmini ndefu ya tafiti kuhusu nyuso na hisia wakaonya kwamba hatuwezi kumtazama mtu usoni tu tukawa na hakika ya anachohisi, kwa sababu watu hukasirika, hufurahi na huogopa kwa nyuso tofauti kulingana na mahali na hali. Ushahidi maarufu wa jambo hilo ni picha ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, iliyopigwa na mpiga picha Yousuf Karsh jijini Ottawa, Kanada, tarehe 30 Desemba 1941. Karsh alimwendea akamtoa sigara yake nene (cigar) mdomoni, kisha akabonyeza wakati mzee amekunja uso. Ulimwengu uliokuwa vitani uliona humo ukaidi wa Uingereza mbele ya adui, ingawa kilichokuwa kimemkera ni kunyang'anywa sigara. Muda mfupi baadaye Karsh alimpiga nyingine akitabasamu, na ile ya kwanza ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa.

Ninaloomba ni tuuache uso ubaki na kile ulichokuwa nacho. Chunusi iliyotoka juzi ifutwe, maana wiki ijayo haitakuwepo. Mikunjo ya macho, mistari inayotoka puani hadi mdomoni na ile ya kwenye paji la uso isiguswe bila mwenyewe kuulizwa.

Hili linanigusa zaidi wakati wa misiba. Huku kwetu picha ya marehemu huwekwa kwenye bango, kwenye kijitabu cha mazishi na kwenye tangazo la gazetini, na nimeona familia zikihangaika usiku kutafuta picha ya nyanya yao inayofanana naye, mikononi wana ya kitambulisho tu, ambayo sheria zake hazitaki tabasamu, na ya harusi ya mjukuu, ambayo imelainishwa hata watoto wake wenyewe wanasitasita. Kwa hiyo wateja nawasihi hivi: mnapolipia picha, dai nakala mbili, moja iliyohaririwa na moja kama ilivyotoka kwenye kamera, tena kwa ukubwa wake kamili, na muihifadhi hiyo ya pili mahali ambapo wengine nyumbani wanapajua.

Wako mwaminifu,
Mpiga picha wa studio,
Kondele, Kisumu