Wimbo wa asili ni wa nani? Barua ya wazi kwa vijana wa klabu za sayansi

Vijana wangu wa klabu za sayansi, mashuleni na vyuoni,

Hamjambo? Sisi wazee hatujambo, ni magoti tu yanayolalamika. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu orodha ya nyimbo mnayoiandaa kwa ajili ya wapenda sayansi, ipigwe siku ya maonyesho yenu na baadaye wenzenu waisikilize wakijisomea. Nimeisikiliza yote. Bando liliisha katikati, nikanunua jingine. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na mwalimu hata akistaafu hawezi kuona kazi ya mwanafunzi akaacha kuitia wino mwekundu. Basi mnivumilie.

Nyimbo zenu nyingi zimepata nafasi kwa sababu jina lina neno nyota, mwezi, roketi au atomu. Hilo nalipita, kila mtu na ladha yake. Kinachonisumbua ni kwamba kando ya kila wimbo pako patupu. Hakuna mwaka, hakuna mahali, hakuna aliyepiga ala. Zile za kwetu ndizo mmezidi kuzionea: mmeandika "wa asili" mkapita, utadhani wimbo uliota wenyewe baada ya mvua. Chupa ya maabara isiyo na kibandiko, hata ikiwa na maji safi, tunaimwaga. Ushauri wangu wote leo uko hapo tu: mtu wa sayansi anajulikana kwa alichoandika kando ya wimbo.

Orodha ya nyimbo inayojulikana kuliko zote zilizowahi kupangwa na wanasayansi ni ile iliyofungwa kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager mwaka 1977. Voyager 2 ndiyo iliyotangulia kuruka, Agosti 20, na Voyager 1 ikafuata Septemba 5. Kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, upana wake kama sentimita 30, yenye picha, salamu, sauti za dunia na muziki wa dakika 90 hivi. Kamati iliyoongozwa na Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilichagua vipande 27: Bach na Beethoven, gameleni (kundi la ala za kugonga) ya Java, Chuck Berry na gitaa lake, Louis Armstrong, Kesarbai Kerkar wa India akiimba raga, wimbo wa jadi wa huko, na wengineo.

Sasa tazameni jalada la santuri hiyo, maana hapo mwalimu wa fizikia hukaa kitako. Wale watu walijua kwamba atakayeiokota huko angani, kama yupo, hajui sekunde ni kitu gani. Wakachukua atomu ya haidrojeni, ambayo ni ileile kila pembe ya ulimwengu, na muda wa badiliko lake moja, kama sehemu 0.7 ya bilioni moja ya sekunde, wakaufanya kipimo. Kwa kipimo hicho wakaeleza santuri izungushwe kwa kasi gani: mizunguko 16⅔ kwa dakika, nusu ya kasi ya zile santuri kubwa zilizobaki kwa babu zenu. Wakachora ramani ya palsa 14, yaani nyota zinazopiga mapigo ya redio kwa mpangilio, kuonyesha Jua letu liko wapi. Kisha wakaweka kwenye jalada uranium 238 kidogo, ambayo nusu yake huoza kwa takriban miaka bilioni 4.5, ili mwokotaji apime kilichobaki, ajue mzigo umekaa njiani muda gani. Nimeona vibandiko vingi maishani. Cha uangalifu kama huo sijakiona.

Halafu someni orodha ya muziki kama ilivyotangazwa wakati ule. Bach ana jina lake, okestra ina jina lake, aliyeiongoza ana jina lake. Mkifika Afrika mnakuta: Senegal, ngoma, imerekodiwa na Charles Duvelle. Zaire (ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati ule), wimbo wa unyago wa wasichana, umerekodiwa na Colin Turnbull. Aliyeshika kinasa sauti ametajwa. Aliyeimba hakutajwa. Watu wale wale waliohesabu mapigo ya haidrojeni!

Na pasipo na jina, kosa huingia bila kubisha hodi. Ile ngoma ya "Senegal" si ya Senegal hata kidogo: ni ya wanamuziki wa Kimahi wa Benin. Kipande cha Azerbaijan kiliandikwa kwamba ni zumari ya mfuko wa ngozi, kumbe ni balaban, ala ya kupuliza yenye ulimi wa tete, na mpigaji ni Kamil Jalilov. Karatasi za huku duniani zimekuja kusahihishwa baada ya miongo. Chombo chenyewe hakuna tena wa kukifuata. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa nilipokaa.

Wale wasichana ni Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, upande ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na barabarani. Wanaimba wimbo wa elima, sherehe ya binti aliyevunja ungo. Sikilizeni sauti zinavyopokezana, kila mmoja ameshika kipande chake kidogo na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wekeni wimbo huo kwenye orodha yenu. Ila msirudie ile sentensi ya Zaire. Andikeni Wambuti, Ituri, elima, na mahali pa majina ya waimbaji andikeni wazi kwamba hayakuhifadhiwa. Pengo lililoandikwa ni taarifa. Pengo lililofichwa chini ya "wa asili" ni uongo mdogo.

Najua kuna atakayeuliza: na Kiswahili je? Salamu za kwenye santuri zilisemwa kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo, Kisotho kimo, Kigujarati kimo, hata Kisumeri, ambacho hakijazungumzwa nyumbani kwa mtu kwa maelfu ya miaka. Kiswahili hakimo. (Picha ya Jane Goodall na sokwe imo, yule Jane wa Gombe, kwa hiyo Kigoma mnaweza kujipongeza kidogo.) Vijana wakilisikia hili huja juu, wakisema tulidharauliwa. Punguzeni jazba. Muda ulikuwa mfupi na sauti nyingi zilirekodiwa kutoka kwa watu waliopatikana karibu na Cornell; aliyekuwa karibu na maikrofoni ndiye aliyesikika. Isitoshe, Kiswahili hakikuingojea Voyager. Mwaka 1928, miaka 49 kabla ya roketi ile kuruka, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay na wenzake kuirekodia kampuni ya HMV. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ya wakati huo ulibeba kama dakika 3 tu. Mkimweka Siti, na msipomweka tutagombana, andikeni hizo dakika 3 kando yake, na msikilizaji ajiulize taarab ya usiku kucha ilibanwaje ikaenea hapo.

Kando ya wimbo pia kunaweza kukaa kipimo. Chukueni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Msiandike ngoma za Dodoma. Andikeni jina lake, kwamba anaimba na kupiga ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kisha mfanye kazi yenu ya sayansi. Uzi wa zeze ukitikisika hautoi masafa mamoja. Unatoa ya msingi, na juu yake mara mbili ya hayo, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo, hasa kutoka ya nne hadi ya tisa. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameieleza vizuri. Kwa hesabu ya ubaoni: sauti ya chini, yaani ile ya nne, ikiwa hezi 400, zinazofuata ni 500, 600, 700, 800 na 900. Hakuna sehemu za desimali, hakuna kubahatisha.

Nendeni sasa kwenye piano ya kanisani. Piano imeigawa oktavu vipande 12 vyenye uwiano sawa, kwa hiyo ukianzia hezi 400, noti iliyo jirani na 500 inaangukia kama 504, na iliyo jirani na 700 inaangukia kama 713. Hezi 13 si kitu cha kuhitaji mashine, sikio la mtoto linazisikia. Mwalimu wa kwaya aliyelelewa na piano atawaambia Mgogo ameshusha sauti. Hakushusha. Yuko pale uzi ulipomweka. Iliyosogezwa ni piano, na ilisogezwa kwa sababu nzuri, ili mpigaji ahame ufunguo bila kukaza nyuzi upya. Programu za kupima masafa kwenye simu zipo za bure. Pimeni wenyewe, na mkipata namba tofauti na zangu andikeni zenu, msiandike zangu. Mwimbaji si mashine, na vyuma vya ilimba vina ukaidi wake.

Nimeona mmeweka Queen, bila shaka kwa heshima ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946. Sawa. Lakini mmechukua nyimbo zao zisizo na sayansi yoyote mkaacha '39, ya mwaka 1975, iliyotungwa na mpiga gitaa wao Brian May. Huyu bwana aliacha masomo ya uzamivu ya astrofizikia akaenda kupiga gitaa, akarudi kuyamaliza na kutunukiwa shahada na Imperial College London mwaka 2007, kwa utafiti kuhusu vumbi lililotawanyika kati ya sayari. Katika wimbo huo wasafiri wa anga wanarudi nyumbani wakiwa wameongeza umri wa mwaka mmoja, na huku nyuma imepita karne. Basi swali: walikwenda kwa kasi gani? Mwendo ukikaribia kasi ya mwanga, saa ya msafiri huenda polepole kuliko ya aliyebaki, na hapa uwiano wa muda ni 100. Gawanya 1 kwa mraba wa 100, toa jibu kutoka 1, tafuta kipeuo cha pili: mnapata asilimia 99.995 ya kasi ya mwanga. Kalamu na karatasi vinatosha. Namba hiyo ikikaa kando ya wimbo, msikilizaji wa pili atausikia tofauti na wa kwanza.

Ule wa Cygnus X-1 wa bendi ya Rush ya Kanada, wa mwaka 1977, kwa masikio yangu ni makelele, siwafichi. Uacheni ubaki. Cygnus X-1 inasadikiwa kuwa shimo jeusi, na setilaiti iliyoonyesha kwamba eksirei zake hubadilika haraka ajabu, dalili kwamba kitu chenyewe ni kidogo mno, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Kijana wa Malindi anayeusikiliza wimbo huo bila kujua hilo amedhulumiwa na aliyepanga orodha.

Na ule wimbo wa Lucy, Lucy in the Sky with Diamonds, wa wale Waingereza wanne, Beatles? Mnajua kwamba zamadamu aliyepatikana Hadar, Ethiopia, Novemba 1974 aliitwa hivyo kwa sababu wimbo huo ulikuwa ukipigwa kambini. Ongezeni mstari mmoja: spishi yake ilipotangazwa mwaka 1978, kielelezo chake rasmi hakikuwa Lucy bali taya, LH 4, kutoka Laetoli, Tanzania.

Juu ya urefu sina la kusema. Voyager walitosheka na dakika 90, ninyi mna saa sita na kila mmoja anatetea wimbo wake. Mkigombana, abaki yule ambaye mtetezi wake ameweza kujaza mstari.

Zilizobaki ni zile zenu wenyewe mlizorekodi vijijini kwa simu. Hizi ndizo ninazozihofia zaidi, maana hakuna mtu mwingine duniani mwenye nakala. Rudini kwa waimbaji kabla hawajahama au hawajatutoka. Waulizeni kama wanaridhia wimbo usikike nje ya kijiji; wapo watakaokataa, hasa nyimbo za unyago, na mkikataliwa futeni. Wakikubali, andikeni majina yao matatu, kijiji, mwezi na mwaka, ala na aliyeichonga, na nani alimfundisha nani. Jina la aliyeshika simu liwe la mwisho.

Mkimaliza nitumieni orodha upya kwa namba ya mjukuu. Na ule mlioandika "wa asili, Kusini", nauliza mapema: kusini ya wapi?

Mwalimu wenu mstaafu