Kabla ya kuwalaumu wapiga picha

Mhariri,

Naandika kuhusu lawama kwamba vijana wanapanda minara ya kumbukumbu za vita ili wapige picha. Ni aibu, sikatai. Lakini mnara wenye ngazi pana, usio na jina la marehemu hata mmoja wala mahali pa kukaa, unamwalika mtu apande. Atajuaje kuwa yuko penye msiba?

Kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, halmashauri za Kanda ya Ziwa ziweke majina yanayosomeka na mabenchi kando. Kaboya, Muleba, walikozikwa askari wa Vita vya Kagera (1978–1979), wanafunzi wapokewe na mzee aliyepigana, naye alipwe posho. Walinzi wa kufokea watu tunao wa kutosha.

Msomaji, Nyamagana, Mwanza