Kiwanja cha mlimani kisipimwe kiangazi tu

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii tabia ya kupima udongo wa kiwanja cha mlimani wakati wa kiangazi alafu mtu anapewa ripoti na wiki hiyo hiyo tingatinga linapanda kukata mlima. Udongo umepimwa sawa, na maji je? Kiangazi shimo la mita 3 linakuwa kavu kabisa na kila mtu anafurahi, kumbe mvua zikikolea maji ya chini yanapanda, na ule udongo uliokuwa unagoma sururu unaanza kuteleza.

Dalili zipo humo humo shimoni. Ukikuta udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu, ujue maji huwa yanatuama hapo kipindi fulani cha mwaka hata kama leo hakuna tone. Ukikuta mawe yamechanganyika na udongo hovyo hovyo, mengine yamelala mengine yamesimama, huo udongo uliporomoka kutoka juu zamani na unaweza ukaporomoka tena. Chukua tonge, lilowanishe kidogo uliviringishe kiganjani, likitoka uzi wa milimita 3 bila kukatika basi una mfinyanzi wa kutosha, na maji yakifika kwenye tabaka la mfinyanzi hayapenyi kirahisi, yanatambaa juu yake na kulilainisha, na hapo ndo mlima unapoachia. Alafu watu wanachimba shimo moja tu pale penye tambarare kisa ndo rahisi kufika! Yachimbwe juu, katikati na chini, na jamani mtu asishuke kwenye shimo refu ambalo kuta zake hazijashikiliwa na mbao, watu wanafukiwa.

Kuhusu ukuta wa kuzuia udongo ndo naumia zaidi, manake kontrakta anaujenga mnene na nondo za kutosha ila nyuma yake hakuna kokoto wala matundu ya kutolea maji. Maji yakijaa mita 3 nyuma ya ukuta yanausukuma kwa nguvu ya karibu tani 4 na nusu kwa kila mita moja ya urefu wake wa kwenda pembeni, sio wa kwenda juu, na hapo udongo wenyewe bado hujauhesabu. Kule Malaysia, tarehe 11 Desemba 1993, jengo moja la ghorofa 12 la Highland Towers lilianguka baada ya mteremko wa nyuma yake kuporomoka kipindi cha mvua nyingi, watu 48 wakafa, na mifereji ya kutoa maji kwenye ule mteremko ilikuwa haitoshi.

Na kupima hayo maji sio kazi ngumu. Injinia akishamaliza kutoboa, aache bomba jembamba lenye matundu upande wa chini, lizungushiwe mchanga, lifunikwe juu maji ya mvua yasiingie, alafu mtu awe anashusha kamba ya kupimia kila wiki na kuandika namba mpaka mvua ziishe, na siku baada ya mvua kubwa apime tena.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali ni hili, kiwanja chochote cha mteremko kisipewe kibali bila vipimo vya maji vya msimu mzima wa mvua, na mchoro uonyeshe maji ya paa na ya choo yanaenda wapi, manake nayo tunayamwaga kwenye mlima huo huo.

Msomaji wenu