Kaka, mwache binti yako aje maabara

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, na kwa kuwa uliyoyasema siku ya arobaini uliyasema mbele za watu. "Wewe kazi yako kunenepesha mbu." Wazee walikuwa bado wamekaa mkekani, na dada yetu, aliyemzika mwanawe, alikuwa anasikia. Mimi sitaki uniombe radhi, kamwombe yeye. Ila sasa binti yako anataka kujifunza kazi hii ya kuwalisha mbu damu ya wagonjwa wa malaria ili kuona kama wataambukizwa, nawe umemkatalia kwa maneno yaleyale. Hapo siwezi kunyamaza.

Mtoto yule alicheleweshwa kufikishwa hospitali, hilo sote tunalijua na hatulisemi. Lakini kimelea cha malaria kilimfikiaje? Kilitoka kwa mtu ambaye pengine hata homa hakuwa nayo. Dawa mseto huua vimelea vinavyoleta homa, lakini gametositi zilizokomaa, yaani vimelea dume na jike vinavyomwambukiza mbu, zile zilizopinda kama mwezi mchanga, huweza kubaki kwenye damu kwa siku kadhaa, hata wiki. Mgonjwa keshaamka, yuko shambani, na mbu akimuuma anaondoka nazo. Ndiyo sababu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa baadhi ya maeneo, kuongeza dozi moja ndogo ya primakwini, dawa inayoua gametositi: miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Dozi hiyo haimtibu homa aliyeimeza. Inamkinga jirani yake. Na ukitaka kujua kama imefanya kazi, jibu liko tumboni mwa mbu.

Unadhani ni kumwaga damu kwenye sahani? Damu huwekwa kwenye chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, si EDTA, ambayo nayo huzuia kuganda, maana EDTA hushika kalsiamu ambayo gametositi dume huihitaji. Sindano, pipeti na vikombe vya kioo vya kulishia sharti viwe vimeshapashwa hadi nyuzi 37. Damu ikipoa kwa nyuzi tano hivi na kupigwa na hewa, gametositi huanza mambo kana kwamba zimeshaingia ndani ya mbu: katika robo saa kila dume hutoa gameti (mbegu za kiume) nane zenye kurukaruka kama mijeledi. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliliona jambo hilo mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, akajua anatazama kiumbe hai. Kwetu likitokea kabla mbu hajanywa, tumekwisha. Mbu watashiba vizuri, hawatapata kitu, na wewe utaandika kwamba dawa imefanya kazi. Uongo mtupu, umezaliwa na pipeti ya baridi, na kuna kijiji kitaishi nao.

Plazima, yaani majimaji ya damu, nayo ina mambo yake. Kingamwili za mgonjwa zaweza kuzuia vimelea, kwa hiyo sehemu ya damu hulishwa na plazima yake, na nyingine huoshwa ikachanganywa na seramu ya kundi AB ya mtu asiyewahi kuishi penye malaria. Mbu ni majike wa siku tatu hadi tano, wamenyimwa sukari kwa saa kadhaa. Wasioshiba huondolewa siku hiyohiyo. Baada ya siku saba au nane hupasuliwa. Unashika kifua kwa sindano moja, kwa nyingine unavuta ncha ya tumbo polepole. Ukiwa na pupa, utumbo unakatika na mbu huyo amepotea. Ndipo unapaka rangi ya merkurokromu na kuhesabu oosisti, viduara vyenye chembe nyeusi ambamo vimelea hukua: ukiviona, mbu ameambukizwa.

Kaka, wewe uliuza baiskeli yako nilipiwe ada. Sijasahau, na ndiyo maana neno lako limeniuma kuliko lingetoka kwa mwingine. Kuhusu ajira umesema kweli: mkataba hufa na mradi. Basi binti ajifunze takwimu mapema, asitegemee mkono wa kupasulia peke yake. Lakini usimwambie kuwa kazi hii haiokoi mtu. Waganga wanahangaika na aliyekwisha kuumwa. Lazima awepo anayemfuatilia kimelea njiani, kabla hakijamfikia mwingine.

Nauli nitatuma mimi. Avae viatu vya kufunika, na nguo zilizofuliwa mbali na dawa ya kupulizia wadudu, maana mabaki yake huweza kuua kizimba kizima cha mbu kabla hata hajafundishwa kushika pipeti.